Kuchaji simu huku unatumia intaneti: mwongozo kamili kwa anayeishi kwa bando

Nina duka la steshenari Morogoro. Intaneti ya duka zima inatoka kwenye simu moja iliyo nyuma ya kaunta, na simu hiyo iko kwenye chaji tangu ninapofungua saa mbili asubuhi hadi ninapofunga usiku. Wanafunzi wanakuja kujaza fomu za mkopo, kuangalia matokeo, kutuma vyeti walivyoskani, na yote yanapita humo. Karibu kila wiki mmoja wao ataiona na kuniuliza, "Mama, si unaiua simu ukiitumia ikiwa kwenye chaji?" Kwangu mimi hilo ni swali la mtaji, kwa hiyo nimelifanyia kazi kwa miaka.

Jibu ni kwamba kuitumia tu hakuiui. Kinachoiua ni joto. Chaji inaleta joto na intaneti inaleta joto lake, na ukivifanya pamoja majoto hayo mawili yanakutana ndani ya kitu chembamba kisicho na feni. Ukilimudu joto, na ukatumia chaja na waya wa kueleweka, simu itafanya kazi hii muda mrefu.

Nililijua hilo kwa hasara. Simu ya kwanza niliyoitumia dukani niliiweka ndani ya kiboksi cha mbao chini ya kaunta ili isiibiwe, imevaa kava nene la mpira, chaji asilimia mia saa zote, na juu yetu paa la bati. Kufika Februari kioo kilikuwa kimeinuka upande mmoja, kiasi cha kupitisha ukucha. Fundi aliipokea kwa mikono miwili, akailaza mezani bila kuibonyeza, akaniambia, "Dada, hii betri imevimba. Usiichomeke tena hata dakika moja."

Piga hesabu ya umeme kwanza

Kabla hujanunua chochote, jua umeme unakwenda wapi. Ukichomeka simu na kuendelea kuitumia, sehemu ya umeme wa chaja inaendesha simu yenyewe na kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye betri. Angalia maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja, mstari wa "Output". Ukikuta volti 5 na ampia 2, zidisha: hiyo ni chaja ya wati 10. Volti 5 na ampia 1 ni wati 5.

Sasa chukua simu ya kawaida yenye betri ya mAh 5,000. Betri hiyo inabeba takribani wati-saa 19, yaani umeme wa kutoa wati 19 kwa muda wa saa moja. Tuseme kioo kinawaka, unaangalia video kwa data, na simu inakula wati 3. Chaja ya wati 10 inabakiwa na wati 7 za kujaza betri, kasoro kiasi kinachopotea kama joto. Utasubiri kidogo zaidi ya kawaida, lakini itajaa. Chaja ya wati 5 inabakiwa na wati 2 tu, na hapo asilimia zinapanda kwa kusuasua. Ukiongeza hotspoti ya watu wanne, huenda zikaanza kushuka ilhali alama ya chaji inawaka. Watu wengi wanaokuja dukani wakilalamika kwamba betri imekufa, tatizo lao ni hesabu hii. Betri nzima kabisa, chaja ndogo kuliko kazi.

Kwa kazi ya kuchaji na kutumia kwa pamoja, kichwa cha wati 10 hadi 18 kinatosha. Zile chaja za haraka sana zenye wati nyingi zinafaa pale unapoiweka simu chini na kuiacha. Ukiitumia huku inajazwa kwa kasi hiyo, joto linapanda mara moja, na simu nyingi zitajipunguzia kasi zenyewe, hivyo hupati ulichokilipia.

Hatua ya kwanza: kichwa, waya na tundu la simu

Kichwa kizuri kina uzito wake mkononi, maandishi yake hayafutiki ukiyasugua kwa kidole, na miguu yake inakaa kwenye soketi bila kulegea. Umeme wetu ni volti 230. Kazi ya kichwa ni kuushusha hadi volti 5 na kuweka ukuta kati ya umeme wa ukutani na mkono wako. Katika vichwa vya bei ya kutupa, ukuta huo ndio wa kwanza kubaniwa matumizi. Kwa mtu anayeishika simu ikiwa kwenye chaji, tena na spika za masikioni zenye waya, hiyo ni hatari ya mwili wake, achilia mbali simu. Ukihisi vidole vinawashwa na umeme unapogusa pembe za chuma za simu iliyo kwenye chaji, zima soketi, chomoa, na hicho kichwa usikitumie tena.

Jaribu hivi: chaji kwa nusu saa, kisha kishike kichwa kwa kiganja. Uvuguvugu ni sawa. Kikikushinda kukishika kwa hesabu ya moja hadi tano, au kikinuka plastiki iliyoungua, kiache.

Waya nao una siri yake. Baadhi ya nyaya zina njia mbili tu ndani, za umeme, na hazina njia za data. Kwa kuchaji zinafanya kazi, lakini ukitaka kupeleka intaneti kwenye laptopu kwa waya, kompyuta haitaiona simu kabisa na utalaumu programu bure. Kwa hiyo nunua waya unaopitisha data, na ujaribu palepale dukani kwa kuuchomeka kwenye kompyuta. Mfupi wa mita moja ni bora kuliko mrefu mwembamba, maana njiani umeme unapungua nguvu.

Tundu la simu likilegea, mara nyingi limejaa vumbi na nyuzi za mfukoni zilizoshindiliwa na waya kila unapochomeka. Zima simu, chukua kijiti cha meno, toa taratibu. Usitumie pini wala sindano. Na kama simu imelowa, usiichomeke hadi tundu likauke kabisa.

Hatua ya pili: iweke pale joto litakapotoka

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko hatua zote, na hapana gharama.

Apple wanaeleza kwamba iPhone imetengenezwa kutumika penye joto la nyuzi 0 hadi 35. Simu nyingine hazitofautiani sana na hapo. Chini ya bati, saa nane mchana, mwezi wa Januari, ndani ya duka langu nyuzi 35 zinapitwa kabla simu haijafanya lolote. Ndani ya betri ya lithiamu kuna kemikali zinazoendelea kulana polepole hata usipoitumia. Joto linaharakisha ulaji huo, na gesi inayozaliwa ndiyo inayoivimbisha.

Toa kava kwanza, hasa la mpira nene au la ngozi lenye kifuniko. Kisha tafuta kitu kigumu na baridi cha kuilazia. Mimi ninatumia kigae kimoja cha sakafuni kilichobaki kwa jirani aliyekuwa akijenga. Kimelala nyuma ya kaunta kwenye kivuli, na simu imelala juu yake kifudifudi, kioo chini, mgongo juu unapigwa na hewa ya feni. Kigae kinanyonya joto polepole. Kikianza kuwa vuguvugu ninaisogeza simu upande wa pili wa kigae, na mchana mmoja unahitaji kuisogeza mara mbili tatu. Tangu nianze hivyo, ujumbe wa kwamba kuchaji kumesitishwa kwa sababu ya joto umekuwa nadra.

Usiilaze juu ya kitanda, godoro, kochi, chini ya mto, wala juu ya rundo la nguo. Vitu hivyo vinalishika joto kama blanketi linavyomshika mtu, na chaja mbovu ikishika moto, kitambaa ndicho kinachowaka kwanza. Mwanangu alikuwa na tabia ya kulala na simu kwenye chaji chini ya mto huku muziki unaendelea kwa bando. Nilimwekea soketi mbali na kitanda, ikabidi ainuke kuifuata. Hilo lilifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Usiikaushe wala kuipoza kwa ujanja. Simu yenye moto ukiiingiza kwenye friji, unyevu unagandia ndani yake kama unavyoona chupa ya soda ikitoa jasho.

Hatua ya tatu: ipunguzie simu mzigo

Mnara ukiwa mbali, simu hupaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Inatumia umeme mwingi zaidi kutuma kitu kilekile. Kwa hiyo angalia vijiti vya mtandao pale unapoiweka. Mara nyingi kuisogeza mita mbili kuelekea dirishani, lakini nje ya jua, kunaongeza vijiti viwili na kupunguza joto kwa wakati mmoja. Kama 4G inakuja na kupotea, simu inahangaika kuitafuta kila mara. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, ushushe hadi 3G kwa muda, ulinganishe. Kasi itapungua, utulivu utaongezeka.

Kioo ndicho mlaji mwingine. Shusha mwangaza, na kama unasambaza intaneti tu, kizime kabisa.

Halafu kuna kazi za chinichini: picha zinazojihifadhi mtandaoni, WhatsApp inayoshusha kila video ya kila kundi, programu zinazojisasisha. Simu nyingi husubiri ziwe kwenye chaji ndipo zianze kazi hizo, kwa hiyo ukiichomeka wewe unaanza na zenyewe zinaanza. Washa kiokoa data, zima upakuaji wa kujiendesha ndani ya WhatsApp, na uruhusu masasisho usiku tu.

Kazi zenyewe hazilingani. Ujumbe wa maandishi, barua pepe, kusoma habari na kujaza fomu vinaendana na chaji bila shida. Simu ya video ya saa nzima, michezo ya mtandaoni na kurusha video mubashara ni mzigo mzito. Kwa hizo ni heri ujaze betri kwanza hadi 70 au 80, uchomoe, ndipo uanze.

Hatua ya nne: kupeleka intaneti kwenye kompyuta

Hotspoti ya hewani ndiyo njia wengi wanayoijua, nayo ni nzito kwa simu kwa sababu inaendesha redio mbili pamoja, moja ikiongea na mnara na nyingine ikiongea na kompyuta. Kama kompyuta ni moja, tumia waya. Waya unaondoa redio ya pili, unaipa simu chaji, na intaneti inatulia zaidi.

Kwenye Android fanya hivi. Washa data. Chomeka simu kwenye kompyuta kwa waya ule unaopitisha data. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya mtandao, tafuta hotspoti na kusambaza mtandao, kisha washa kusambaza kwa USB. Swichi hiyo haiwashiki mpaka waya uwe umechomekwa, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Baada ya sekunde chache kompyuta itaona mtandao mpya kana kwamba umechomeka waya wa mtandao wa ofisini. Kwa iPhone unawasha hotspoti binafsi, unachomeka waya, na unakubali kuiamini kompyuta hiyo. Kompyuta ya Windows itahitaji kwanza programu ya Apple, iTunes kwa mfano, ndipo iitambue.

Mara baada ya kuunganisha, fanya jambo moja la kulinda bando. Kwa kuwa umetumia waya, Windows inadhani una intaneti isiyo na kipimo, na inaweza kuanza kushusha masasisho makubwa. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows, fungua mtandao wa Ethernet (yaani wa waya) ulioonekana, uutie alama ya kwamba unapimwa. Dakika moja tu, na ni bando la wiki unaloliokoa.

Juu ya chaji, usitarajie makubwa. Tundu la kawaida la USB 2.0 kwenye kompyuta linatoa ampia 0.5, yaani wati 2.5. Lile la USB 3.0, ambalo mara nyingi ndani yake ni la bluu, linatoa ampia 0.9, yaani wati 4.5. Simu iliyozimwa kioo inayosambaza kwa waya itasimama palepale au kupanda taratibu kwenye lile la bluu. Kwa joto hii ni nzuri mno, maana chaji ndogo ni joto dogo. Ikiwa laptopu nayo inategemea betri yake, kumbuka kwamba simu inainyonya.

Kompyuta zikiwa tatu nne, hutakuwa na budi ila kutumia hotspoti ya hewani na chaja ya ukutani. Hapo kigae na feni ni lazima.

Hatua ya tano: asilimia za kukaa nazo

Betri ya lithiamu haipendi kukaa imejaa kabisa kwenye joto. Ikifika asilimia mia, volti yake iko juu kabisa, kwenye 4.2 au zaidi, na kuishikilia hapo kutwa ni kama kushinda umebeba ndoo kichwani hata kama hutembei. Kwa simu ya mfukoni halina uzito sana. Kwa simu inayokaa kwenye chaji kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku, ndilo jambo linaloamua umri wake.

Tafuta kwenye mipangilio ya betri kama ipo sehemu ya kuweka kikomo cha chaji. Samsung nyingi za karibuni zinayo, Pixel za Google pia, na iPhone kuanzia 15 unaweza kuizuia ikome kwenye 80. Baadhi ya simu, kama zile za Infinix Note 30, zina namna ya kuipita betri, ambapo umeme wa chaja unaendesha simu moja kwa moja na betri inapumzika. Kama yako inayo, hakuna njia bora kuliko hiyo kwa kazi hii.

Kama haina, soketi zetu za miguu mitatu zina swichi. Ninawasha ikishuka hadi 40, ninazima ikifika 80. Siku ya wateja wengi ninasahau, na haina neno. Betri haifi kwa siku moja.

Umeme ukikatika

Chomoa chaja mara moja. Umeme unaporudi huja wakati mwingine kwa kishindo, na friji za mtaa mzima zinaanza kuvuta pamoja. Subiri dakika kadhaa taa zitulie ndipo uchomeke. Mvua za masika zenye radi zikianza, chomoa pia, utumie betri.

Hapa pawabenki inakuwa rafiki, ila soma namba zake kwa jicho la mfanyabiashara. Iliyoandikwa mAh 10,000 imepimwa kwa volti 3.7, yaani wati-saa 37. Lazima ipandishe hadi volti 5, na njiani inapoteza. Simu ya mAh 5,000 utaijaza mara moja na nusu hivi, si mara mbili kamili. Usiibebanishe na simu mgongo kwa mgongo, kwani kila moja inaichemsha mwenzake. Ziweke kando kwa kando.

Wenye sola: paneli ikae juani, simu ikae kivulini, waya ndio urefuke. Paneli ndogo inayoingia moja kwa moja kwenye simu inakatakata kila wingu linapopita, na kila ikikata simu inawaka kioo na kuanza upya. Jaza pawabenki kwa sola, kisha uichaji simu kwa pawabenki.

Laptopu iliyojaa nayo ni akiba. Umeme ukikatika nikiwa na mwanafunzi mezani, ninachomeka simu kwenye tundu la bluu, ninawasha kusambaza kwa USB, ninapunguza mwangaza wa laptopu, na tunaimalizia fomu yake bila kukata mtandao.

Dalili za kusimamisha kila kitu

Kioo kuinuka pembeni, mgongo kutuna, simu kuchezacheza ukiilaza juu ya meza iliyo sawa, harufu tamu ya ajabu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, au simu kuzima ghafla ikiwa na asilimia 30. Ukiona mojawapo kati ya zile nne za mwanzo, zima, chomoa, iweke juu ya saruji au kigae mbali na karatasi na mapazia, na usiitoboe wala kuibonyeza irudi mahali pake. Mwaka 2016 Samsung waliiondoa Galaxy Note 7 sokoni dunia nzima kwa sababu ya betri zilizokuwa zikishika moto, na hizo zilikuwa simu mpya. Ya kuzima ghafla peke yake mara nyingi ni uzee wa betri, badilisha.

Mpelekee fundi anayebadilisha betri mbele yako, na ile iliyovimba usiitupe kwenye takataka za nyumbani, maana mtaani kwetu takataka huchomwa. Mwachie fundi. Ile yangu aliiweka ndani ya kopo la bati lenye mchanga, nje ya kibanda, kisha akanawa mikono kabla ya kunirudishia chenji.